Kipande Namba 7: Maneno kwa Akina Mama wa Arua Kuhusu Sabuni ya Mzeituni

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya akina mama na vijana wa kikundi chetu hapa Arua, Uganda. Waliokuwa shambani, waliokuwa msibani na walioko ng'ambo ya mpaka wameniomba niyaandike yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Mama mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, vijana wangu, na nyinyi wazee wawili mliokaa pale nyuma chini ya dirisha: Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo?

Mezani kwangu kuna vipande viwili vya sabuni. Vimetengenezwa kwa kanuni moja, mafuta ya aina moja, mikono hii hii. Kimoja nimekifunga kamba nyekundu, kina wiki sita. Kingine kina miezi kumi na minne, na nyuma yake nimechora namba 7 kwa msumari. Nitavipitisha mkononi mwenu. Vishikeni, vinuseni, vigongeni kwa kucha. Msivitie maji bado. Maji yana saa yake.

Mmeniita niwafundishe sabuni ya mafuta ya mzeituni, na wengi mmekuja na daftari. Vizuri. Lakini kanuni yenyewe itachukua nusu ukurasa tu. Kilichonileta hapa ni ile miezi inayokuja baada ya kanuni. Nani kati yenu amewahi kutengeneza sabuni Jumatatu akaiuza Ijumaa? Inueni mikono, msione haya. Mnaona? Karibu wote. Na mimi mkono wangu uko juu pamoja na yenu.

Kwanza mjue tunafuata nyayo za nani. Huko Uingereza na Marekani sabuni hii wanaiita kwa jina la Kastilia, eneo la Hispania. Ila wapo walioitengeneza kabla ya hapo. Aleppo, kule Syria, wanachanganya mafuta ya mzeituni na mafuta ya mti mwingine wenye harufu kali, mlaureli, halafu wanaipanga sabuni ghalani miezi sita, tisa, mpaka nje inageuka rangi ya dhahabu na ndani inabaki kijani. Nablus, Palestina, wanapanga vipande duara juu ya duara, katikati pakiwa wazi ili upepo upite, mpaka mnara unampita mtu kimo. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza ufundi wa miji hiyo miwili kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Na Ufaransa, mwaka 1688, mfalme Louis wa 14 alitoa amri kwa wenye viwanda vya sabuni, na Marseille ndiko vilikojaa: hakuna kutia mafuta mengine, hakuna siagi, ni mzeituni safi tu, anayekiuka mali yake inachukuliwa. Amri hiyo hiyo iliwataka wafunge kazi Juni, Julai na Agosti kwa sababu ya joto.

Mafundi wa Aleppo na Nablus hupika sabuni yao motoni, kwenye masufuria makubwa. Sisi hatupiki, yetu ni ya baridi. Sasa niulize: kama wao waliopika wanasubiri miezi, sisi tusiopika tuna haraka gani?

Haya, fungueni daftari.

Mafuta ya mzeituni gramu 1,000. Kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, gramu 128. Maji gramu 256, yaani mara mbili ya kostiki. Basi. Hakuna kitu kingine, hata manukato. Nimesema gramu, sikusema kikombe. Sokoni tunapima maharage kwa tumpeko, kile kikombe chetu, na hakuna anayekufa, ila sabuni haikubali tumpeko. Kostiki nyingine ni ya vipande bapa, nyingine ni punje ndogo kama mtama. Kikombe kimoja cha hii si sawa na kikombe cha ile. Nunueni mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja. Kama kikundi kina pesa ya kununua kitu kimoja tu, kiwe mizani. Hata maji yapimwe juu yake.

Kwa nini 128? Gramu 1,000 za mafuta haya zinaweza kula karibu gramu 135 za kostiki. Tunapunguza tano katika kila mia ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa, yailinde ngozi. Ukizidisha, kostiki inabaki peke yake ndani ya sabuni, inamtafuna mtu. Kila mafuta yana namba yake. Usichukue namba ya mzeituni ukaipeleka kwenye mawese au nazi. Rudieni pamoja nami: kila mafuta na namba yake. Tena! Kila mafuta na namba yake.

Sasa sufuria. Hapa nina hadithi, na mume wangu akiwepo angeisimulia vizuri zaidi kwa sababu sufuria ilikuwa ya mama yake.

Mara ya kwanza kabisa nilichukua sufuria kubwa ya alumini, ile ya kupikia posho, yaani ugali, ya wageni. Niliona ni safi, ina mdomo mpana, inafaa. Nikamimina maji, nikatia kostiki. Dakika haikuisha. Maji yalianza kuchemka bila moto, mvuke ukapanda wenye harufu ya kukata koo, povu jeusi likafurika ukingoni. Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Yalipotulia, chini ya sufuria palikuwa pamechimbika mashimo kama uso wa aliyeugua ndui. Kostiki inakula alumini, mama zangu. Inaila na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Na nyumbani kwetu ni nani asiye na sufuria za alumini? Karibu kila tunachopikia ni alumini! Kwa hiyo sufuria, kijiko, mwiko wa bati, vyote vikae mbali. Tumia ndoo au jagi la plastiki nzito lenye namba 5 chini yake, au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Kioo kiacheni, siku moja kitapasuka kwa joto.

Na kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji. Maji hayaingii kwenye kostiki. Ukimimina maji juu ya kostiki iliyolala chini ya chombo, yatalipuka usoni mwako. Tangulizeni maji, kostiki ifuate pole pole huku mkikoroga. Fanyeni nje, upepo ukiwa mgongoni, glovu mikononi, miwani machoni, viatu vya kufunika miguu, siyo ndala. Maji yatapanda moto mpaka kupita nyuzi 80 yenyewe, msishtuke.

Hapa nataka kimya kidogo. Mama mwenye mtoto mgongoni, nisikilize wewe hasa.

Maji ya kostiki yakishapoa na kutulia yanakuwa meupe, safi, yanang'aa. Ukiyaona kwenye jagi utasema ni maji ya kunywa. Mtoto wa miaka mitatu, aliyetoka kucheza juani, ataona nini? Ataona maji. Jirani yangu alimkuta mwanawe ameshika mkono wa jagi, amelinyanyua nusu. Nusu tu! Alimpiga kofi la mkono, jagi likaanguka upande mwingine, miguu ya mama ndiyo iliyoungua. Alama anazo mpaka leo na hazijutii. Tangu siku ile jagi langu la kostiki ni jekundu, lina mfuniko, nimelichora fuvu, na siku ya sabuni watoto wanakwenda kwa shangazi yao. Wasipokuwa na pa kwenda, sitengenezi sabuni. Na ikikurukia ngozini, maji ya bomba au ya jerikeni, mengi, yakimwagika dakika kumi na tano, ishirini. Siyo siki, siyo ndimu. Ikiingia jichoni, mwagia maji huku mnatafuta boda ya hospitali. Mtoto akiimeza, msimtapishe. Hospitali moja kwa moja.

Tuendelee. Maji ya kostiki na mafuta vikipoa vyote viwili, ukigusa ndoo kwa nje uhisi uvuguvugu, mimina kostiki kwenye mafuta na ukoroge. Mwenye blenda ya mkono, yenye kisu cha chuma kisichoshika kutu, atamaliza mapema. Mwenye mwiko wa mti akoroge, apumzike, akoroge, apokezane na binti yake. Mafuta ya mzeituni yana kichwa kigumu, yanaweza kukuweka saa nyingi. Unatafuta nini? Unatafuta ile hali ya uji unapoanza kushika: ukiinua mwiko, mchirizi unaoanguka unabaki juu, unaacha alama, hauzami. Hapo mimina kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa karatasi. Funika. Siku tatu, nne, wakati mwingine wiki, mpaka ikubali kutoka bila kung'ang'ania. Kata kwa waya au kisu chembamba, glovu zikiwa bado mkononi.

Umekata. Vipande vimepangika, vyeupe kama jibini, vizuri kuliko maelezo. Na hapo ndipo shetani wa Ijumaa anapokuja.

Nitawaambia alivyonijia mimi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na ada ya shule ya kulipa. Nilikuwa na vipande arobaini vyenye wiki tano. Kwa macho vilikuwa sabuni, kwa pua vilikuwa sabuni. Nikamuuzia mkunga mmoja vipande kumi, mama anayeheshimika, ambaye mikono yake imepokea nusu ya watoto wa mtaa wetu. Nikamwambia, dada, hii ni mafuta ya mzeituni matupu, ni laini hata kwa kichanga. Sikudanganya. Lakini baada ya siku nane alirudi. Hakupiga kelele. Alifungua kavera, mfuko wa plastiki, akanionyesha. Ndani mlikuwa na kitu kinavutika kama mlenda. Akachovya kidole, akainua, ule uzi ukanyooka kutoka kwenye kavera mpaka usawa wa kifua chake bila kukatika. Akasema, "Dada yangu, hii ninanawa au ninakula na posho?" Nikamrudishia pesa yake. Yeye akaikubali, akaondoka, na mwaka mzima akapita mlangoni kwangu akinisalimia tu.

Kwa nini iligeuka mlenda? Hapa naomba mniazime masikio, maana watu wengi, hata mafundi, wanaeleza vibaya. Wanasema sabuni inawekwa ili kostiki iishe. Hapana! Kostiki, kama ulipima sawasawa, imekwisha kazi yake ndani ya siku chache za mwanzo. Lowesha kidole, sugua sabuni, gusa ncha ya ulimi kidogo kabisa. Ikikuuma kama ulivyokuwa ukilamba betri ya redio utotoni, kostiki bado ipo, usiiuze. Na kama baada ya mwezi bado inauma, ulikosea mizani, na miezi haitakuponya kosa la mizani.

Kinachosubiriwa ni kitu kingine. Sehemu kubwa ya mafuta ya mzeituni, kuanzia asilimia 55 hadi 83, ni asidi moja inaitwa oleiki. Sabuni inayotokana nayo ni mpole kwa ngozi, lakini inapenda maji kupita kiasi. Ikiwa changa, ikiguswa na maji inayanywa na kuvimba, inakuwa ule mlenda. Mafuta magumu kama mawese na nazi yana asidi nyingine zinazosimama haraka. Ndiyo maana sabuni ya mawese inagongeka baada ya wiki chache. Ya mzeituni lazima maji yaondoke taratibu, na yakiondoka, chembe zake ndani zinajipanga upya, zinabanana, zinashikana. Kazi hiyo huioni. Hakuna jua la kuiharakisha. Ukiianika juani, nje inakauka na kupasuka na mafuta yaliyobaki yanaanza kuchacha, ndani bado ni matope.

Baada ya mkunga yule niliamua kujua mwenyewe. Nikachukua kipande kimoja, hicho mlichonacho mkononi, nikakichora namba 7, nikakipima siku niliyokikata. Gramu 120. Mwezi wa kwanza, 111. Mwezi wa tatu, 106. Mwezi wa sita, 104. Mwezi wa tisa, 103. Mwezi wa kumi na mbili, 103 tena. Mnaona? Mwanzoni kinakimbia, halafu kinatembea, halafu kinasimama. Lakini sikilizeni ajabu yake. Mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili mizani inaonyesha tofauti ya gramu moja, wakati mikono inaonyesha sabuni mbili. Kila nilipokipima nilinawia pia kipande cha pacha wake, kilichotoka kisanduku kile kile. Mwezi wa tatu mapovu yalikuwa machache, mazito, yanateleza. Mwezi wa sita mlenda ulipungua. Mwezi wa tisa nilinawa, nikasimama na maji yakitiririka bure, nikamwita binti yangu aje aone. Mapovu madogo madogo, meupe, kama malai ya maziwa, na ngozi haikukaza nilipojifuta.

Kwa hiyo mimi siuzi chini ya miezi sita, na ile ninayoiita sabuni ya mtoto haitoki kabla ya mwaka. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba yangu. Kila kipande kina tarehe ya siku kilipokatwa. Mnunuzi haniulizi umri wake, anausoma.

Rafu iwe ndani, kivulini, ya fito au mianzi, vipande visigusane, upepo upite chini na juu, kama wale wa Nablus. Vigeuzwe kila wiki mwezi wa kwanza, baadaye mara moja kwa mwezi. Mvua zetu kuanzia Aprili zinachelewesha, hewa ikiwa nzito sabuni inatoa jasho. Msiifunge kwenye kavera mkidhani mnailinda, mnaiozesha. Ukiona madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani, imechacha, iondoe mbele ya wenzake. Na panya! Panya wanakula sabuni, msinicheke. Nilipoteza vipande sita usiku mmoja. Funikeni kwa wavu wa waya.

Najua swali lililoko midomoni mwenu. Tutakula nini miezi hiyo sita? Ni swali la haki, na anayefundisha sabuni hii bila kulijibu anawatega. Mafuta ya mzeituni yanatoka mbali, yanapanda meli na lori kabla ya kufika duka la hapa, na lita moja ni pesa inayouma. Ukiweka mtaji wako wote ndani yake halafu usubiri, utauza changa, kama nilivyouza mimi. Wekeni rafu mbili. Rafu ya kwanza ni sabuni ya mawese na nazi, kwa namba zake: wiki nne hadi sita iko sokoni, inalipa ada, inanunua chumvi. Rafu ya pili ni mzeituni, anzeni na kisanduku kimoja tu, kilo moja ya mafuta, kila mwezi. Mwezi wa saba utauza cha kwanza, na kuanzia hapo kila mwezi kuna kinachokomaa. Na kabla hamjapeleka dukani, nendeni UNBS, shirika la viwango la Uganda, waulizeni masharti ya ile alama ya Q, alama ya ubora. Mwende mapema, siyo siku mnakamatwa.

Tena kuna jambo ambalo linanisumbua usiku. Ndugu zetu Waacholi wana moo yaa, mafuta ya mti wa shea, na miti hiyo iko hadi Yumbe, hapa hapa kwetu. Shea yetu ya upande huu wa Nile ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, kwa sababu ina ile ile oleiki kwa wingi, zaidi ya nusu yake. Ni jamaa wa karibu wa mzeituni! Nimechanganya nusu kwa nusu, kwa namba yake, ambayo ni pungufu kidogo. Inashika mapema kuliko mzeituni peke yake, nayo inapenda kusubiri. Sitaiita ya Kastilia, sitamwibia mtu jina. Lakini mti huo unachukua miaka kumi na tano, ishirini, kuanza kuzaa vizuri, na tunauangusha asubuhi moja kwa gunia za makaa. Mama mwenye mti wa shea shambani kwake, tafadhali, mwambie mwenye shoka arudi nyumbani. Mwambie wewe, usimngoje mwenyekiti wa kijiji.

Vipande vimeshafika nyuma kwa wazee? Vimefika. Basi sasa ni saa ya maji. Beseni liko pale mlangoni, na jerikeni mbili, na binti yangu ameshika taulo. Piteni mmoja mmoja. Anza na chenye kamba nyekundu, nawa, suuza, uone uzi wake. Halafu namba 7. Yule mkunga niliyewasimulia yupo hapa, amekaa mstari wa pili, ndiye aliyenirudia mwaka jana akataka vipande kumi vyenye mwaka mmoja. Dada, njoo uanze wewe.